Kanuni ya Magharibi

Waheshimiwa wanakijiwe, wazee wa kahawa, na ninyi vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu (wewe wa mwisho pale, zima):

Sikusimama chini ya mkwaju huu wa Nzuguni kwa kupenda makuu. Makuu ndiyo yanayonipenda mimi. Dodoma yetu ina Bunge, ina Ikulu kule Chamwino, ina Chuo Kikuu kilichotanda vilimani, ina zabibu. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu mmoja tu anayeijua amplifaya ya masafa ya chini kuanzia betri hadi mawinguni. Huyo mnaye. Leseni ya TCRA ninayo, imetundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Cheti cha ufundi ndicho sina, kwa kuwa sijaona wa kunitahini.

Nitazungumzia transista kumi na moja zilizofariki mikononi mwangu kati ya Juni na Oktoba. Tusimame dakika moja.

Kaeni.

Ninyi mmezoea FM. Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu, linaenea sebuleni na kochi likabaki na nafasi yake. Wimbi langu, la kilohezi 137, lina urefu wa mita 2,190. Likianzia mkwajuni hapa, kabla halijamaliza kujinyoosha mara moja wewe umetembea zaidi ya kilomita mbili na umeshaomba maji ya kunywa. Mwaka 2007 mataifa yalikaa Geneva yakawagawia wanaredio wa ridhaa kipande chembamba, kilohezi 135.7 hadi 137.8, kwa sharti kwamba nguvu inayoruka hewani isizidi wati 1. Watu wakalalamika kuwa ni kidogo. Mimi sikulalamika. Antena kamili ya wimbi hili, robo tu ya urefu wake, ingehitaji mlingoti wa mita 547. Wangu ni wa mabomba ya maji, una mita 12, na juu nimetandaza nyaya kama kamba za mizabibu. Kwa antena fupi namna hiyo, ukisukuma wati 100 kutoka kwenye amplifaya, zinazoruka hewani hazifiki hata sehemu ya kumi ya wati moja. Zilizobaki zinapasha udongo wa Nzuguni joto. Ni kama kuchota ndoo kisimani, ukafika nyumbani na kijiko. Lakini kijiko chenyewe kinafika mbali! Na kwa kuwa ni kijiko, ujumbe hutumwa polepole, nukta moja ya Morse sekunde 60. Ishara za wito za Tanzania huanza na 5H. Herufi na tarakimu hizo mbili peke yake hunichukua dakika 19. Mke wangu huweka maharage jikoni nikianza 5, na nikimaliza H anakuwa ameongeza maji mara ya pili.

Sasa tuingie kwenye tumbo la mashine. Transista yangu ni IRF540, kitu ambacho fundi yeyote wa inverta anacho kwenye kopo lake. Inavumilia volti 100. Betri zangu mbili za lori, volti 12 kila moja, nikiziunga mfululizo napata 24. Mtu wa kawaida atasema: 24 kwa 100, nafasi tele! Mtu wa kawaida hajui daraja E. Katika daraja E transista haikai nusunusu. Ama imefunga kabisa ama imefungua kabisa, kama mlango wa daladala, ndiyo maana haipotezi nguvu nyingi kwa joto. Ila kila inapofunga, volti hupanda hadi mara tatu na nusu ya betri, na ushei. Zidisheni: 24 mara 3.56 ni 85. Zinabaki volti 15 za kupumulia.

(Mpwa wangu amesimama: “Taarifa! Mjomba, IRF640 inavumilia volti 200, na imefanana nayo kwa miguu yote mitatu.”)

Taarifa siipokei. Hizo volti 15 ndizo zinazomtenga msanii na fundi wa pasi. Niendelee. Hiyo 85, vitabu vinasema, ni pale tu antena na ethi zimetulia. Ethi ikikatika ghafla, transista inabaki haina mzigo wa kuubeba, volti zinaruka kupita 100, na kinachofuata ni mlio wa *pa!* na harufu ambayo huwezi kuifananisha na kitu kingine chochote duniani. Lakini nani achezee ethi yangu, ndani ya ua wangu mwenyewe? Kwa hiyo ukurasa huo niliuruka.

Fyuzi nayo niliiondoa mapema, nikaweka kipande cha msumari. Fyuzi ni woga uliotiwa ndani ya kioo.

Koili ya kurekebisha antena nimeizungusha juu ya ndoo ya plastiki ya lita 20, mizunguko 150 hivi ya waya wa shaba wa mota. Kichwani mwa ndoo ile, wati 100 zikiwa zinapita, kuna volti kama 5,000. Usiku unaweza kuona zambarau ndogo inacheza kwenye ncha ya waya. Mkisikia nyumba yangu inanguruma kama zeze lenye uzi mmoja uliolegea, msikimbie. Ila mtu asiguse ndoo, na nguo zisianikwe pale hata kama jua ni zuri.

Tumefika kwenye ethi, na hapa ndipo Dodoma inapompima mwanamume. Mtu wa Tanga au Zanzibar akichomeka chuma ardhini anakutana na unyevu na chumvi, umeme wake unatelemka kama maji ya mfereji. Sisi tuko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yenyewe ni ya Desemba hadi Aprili, milimita 600 hivi kwa mwaka mzima. Kuanzia Juni ardhi inalia ukiigonga. Nilichomeka vyuma sita, mita nimeitia, sindano ikanicheka. Nikafanya anachofanya kila mwenye elimu: kila alfajiri namwaga kwenye vyuma ndoo moja ya maji yenye kilo mbili za chumvi. Mke wangu ana maoni yake juu ya ndoo ya maji mwezi wa Septemba, sitayaleta mbele ya wazee. Lakini ukinzani ulishuka hadi nusu! Mashine ikanguruma. Siku hiyo niliitangazia familia kwamba enzi imeanza.

Jioni ileile, *pa!* Ya kwanza.

Mkumbuke hatukuwa wa kwanza kupata hasara nchi hii. Wajerumani walikuwa na kituo chao cha simu isiyo na waya Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, HMS Astraea, ikakipiga mizinga. Wao walihitaji manowari. Mimi sijui adui yangu alikuja na nini, lakini alikuja kwa saa. Nilipofikisha transista ya nne nikaanza kuandika daftarini. Ya nne: saa kumi na mbili na robo jioni. Ya tano: saa kumi na mbili na dakika ishirini. Ya sita, saa kumi na mbili kasoro tano, siku ya mawingu. Asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Usiku wa manane mashine inalala inanguruma mpaka jogoo.

Hapo ndipo fundi wa kawaida angekagua nyaya. Mimi nikatazama mbingu. Jua likizama, tabaka la chini kabisa la anga lenye chembe za umeme, lile linalomeza mawimbi mchana, hufifia. Hiyo ni sayansi, hata wasiokuwa mimi wanaijua. Ndiyo sababu usiku unasikia stesheni za mbali, na ndiyo sababu radi za msitu wa Kongo hukwaruza spika yangu giza likiingia. Nikaunganisha: tabaka linafifia magharibi, transista inakufa magharibi. Nikaiandika kwa wino mwekundu, Kanuni ya Magharibi: anga linapofunguka, hunyonya transista kwa ghafla kupitia antena.

“Taarifa! Mjomba, tabaka hilo liko kilomita sabini juu. Litainyonyaje transista iliyo mezani?”

Taarifa siipokei. Ndiyo maana naita kunyonya.

Na ushahidi ninao. Kila baada ya mlipuko nilienda kwenye ethi na taa, nikakuta mambo mawili. La kwanza, kibanio cha waya kimelegea, chuma chenyewe kimeinama, kana kwamba nguvu fulani imekisugua. La pili, na hili wanasayansi wa Ulaya hawajaliona: pembeni ya chuma, vitufe vidogo vyeusi, vya mviringo, laini, vingine bado vina joto! Chumvi, udongo na mawimbi marefu vikikutana, ardhi hutoa madini. Nimevikusanya kwenye kopo la dawa ya viatu. Nimevipima, nimevikata kwa wembe. Ndani vina nyuzinyuzi za kijani. Nilipomwonyesha mke wangu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Baba watoto, kopo hilo lisikae karibu na sukari.” Hivyo ndivyo ugunduzi mpya unavyopokelewa siku zote.

Mke wangu huyohuyo aliwahi kuniuliza kwa nini siku hizi mbuzi wa jirani wakitoka malishoni jioni wanapita kwetu kwanza kabla ya kwenda zizini kwao. Nilimweleza kwa upole kwamba mnyama huhisi mawimbi. Hata yule beberu mwenye pembe iliyovunjika, siku transista ya tisa ilipokufa, alionekana akiruka juu ya uzio kwa kasi ambayo beberu wa umri wake hana. Alikuwa na kitu cheupe puani. Alihisi, masikini, kabla yangu.

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alikwenda porini akakata matawi ya miiba, akazungushia vyuma vyangu vyote sita. Sikumzuia, kijana lazima apewe kazi ya mikono. Siku hiyohiyo nami nilikamilisha marekebisho yangu makubwa: nilichora mshale mwekundu kwenye boksi la amplifaya kuelekea magharibi. Tangu hapo hakuna transista iliyokufa. Ile ya kumi na mbili inaishi hadi leo. Wenye macho wameona ni kipi kilichofanya kazi.

“Taarifa...”

Kaa chini.

Nimekaribia mwisho, kahawa inapoa. Wiki ijayo nitaanza mhadhara wa pili, juu ya madini ya kwenye kopo, na nitahitaji sampuli mpya, ambazo kwa bahati mbaya zimekoma kabisa tangu miiba iwekwe. Leo usiku, kuanzia saa mbili, nitarusha 5H na kilichobaki cha jina langu hadi alfajiri. Ombi langu kwa majirani wote wa mtaa huu ni moja: kila mwenye mbuzi awafunge kabla ya saa kumi na mbili jioni. Si kwa ajili ya ethi. Ni kwa heshima ya sayansi.