Kalibu ya Baba Watoto

Chanzo ni hereni. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Kiomboi, nikamwomba baba watoto aninunulie jozi ya shaba, zile zilizotuna kama maandazi madogo. Mwanamume mwingine angekwenda dukani. Wangu, ambaye aliwahi kushinda siku mbili tatu kwenye kibaraza cha sonara akitazama tu, akasema za nini kununua, atazitengeneza.

Bati la shaba halitunishwi kwa vidole. Linataka kalibu: chuma chenye shimo la duara mfano wa kibakuli, na kichuma kingine chenye kichwa cha mviringo. Unalaza kisahani cha shaba juu ya shimo, unagonga polepole, kinazama, kinatoka kimetuna. Ni kinu na mchi, ila vya kimo cha kidole.

Kinu chake kilikuwa kipande cha nondo ya milimita 25 kilichobaki kwenye ujenzi. Akakizika kwenye jiko langu la mkaa kiive. Singida upepo unavuma hadi watu wanakuja kuupima wazalishe umeme, lakini asubuhi ile hata jani la mwembe halikutikisika. Akachukua mashine yangu ya kukaushia nywele, akaifanya mvukuto. Iliyeyuka mdomo.

"Mama watoto," akaniambia kabla sijafungua kinywa, "mwaka 1916 Wajerumani walibanwa na vita, meli zinafika kwa nadra, wakachukua dhahabu ya Sekenke, hapa hapa Iramba, wakagonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli Tabora. Unadhani kalibu waliletewa na nani?"

"Hawakuletewa na mke."

Nondo ilipokuwa nyekundu, akaweka juu yake gololi ya beringi chakavu ya gari, akapiga nyundo. Gololi ikaruka, ikampita jogoo utosini, ikatua kwenye ndoo ya maji. Mara ya tatu ikakubali kuzama, ikaacha kibakuli kizuri, kusema haki. Angeishia hapo tungekuwa na hereni kabla ya adhuhuri, maana shaba laini haihitaji kalibu ngumu kuliko hiyo.

Lakini alishasikia kwamba chuma lazima kikomazwe: ukipashe moto hadi sumaku ikatae kukishika, kwenye nyuzi 770 hivi, kisha ukichovye kwenye mafuta. Sumaku akaing'oa kwenye spika ya redio ya Bibi, mama yake mzazi. Mafuta yalikuwa lita 5 za alizeti, tumekamua wiki ile ile. Akayamimina kwenye sufuria, akachovya.

Moto ukapanda hadi kamba ya nguo, ukala pindo la kanga yangu. Baba watoto akakimbilia maji. Bibi akamfokea asithubutu, akafunika sufuria kwa sinia, ukafa. Harufu ya kukaanga ikaenea mtaa mzima. Watoto wa jirani wakaja na sahani.

Alipojaribu tupa, nondo ililika kama jana yake. Fundi gereji wa kona ile alicheka hadi akaketi. Nondo ya kujengea, alisema, kaboni yake ni kidogo. Hata ukiichovya Ziwa Singidani inabaki laini. Kama unataka chuma kinachokomaa, tafuta springi ya lori.

Hereni zilipatikana kwa nondo hiyo hiyo laini. Moja ilitoka imetuna zaidi, nikaivaa upande wa kilemba. Kalibu ameichukua Bibi, anapondea iliki, punje moja moja. Kila akiponda anamuuliza mwanawe taarifa ya habari leo imesemaje.