Oili Yako, Spana ya Nani? Mwongozo kwa Wenye Magari wa Lindi

Umwage oili mwenyewe au umlipe fundi? Mkoani Lindi swali hili huzuka popote penye kivuli na gari lililosimama: Nangurukuru kwenye njia panda ya Kilwa Masoko, Mnazi Mmoja zinapoachana njia za Mtwara na Masasi, na uani kwa jirani siku ya Jumapili. Kila mtu ana jibu, na mara nyingi mwenye sauti kubwa kuliko wote hana gari. Mwongozo huu ni wa mwenye gari, na msimamo wangu nautoa mapema: spana inaweza kushikwa na mtu yeyote anayeijua kazi, lakini macho lazima yawe yako.

Hatua ya 1: Soma kilomita, usinuse

Wapo wanaochomoa stiki ya oili, wakachovya kidole, wakanusa, kisha wakatoa hukumu kwamba oili "bado ina nguvu". Pua haipimi kilomita. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kutiwa, kwa sababu ya masizi, na bado inafanya kazi. Ya petroli yaweza kuonekana safi ilhali dawa zilizochanganywa ndani yake zimeshachoka.

Fuata kitabu cha gari. Kama kitabu kilibaki Japani na karatasi iliyobandikwa mlangoni imeandikwa Kijapani, kilomita 5,000 ni kipimo salama kwa gari dogo la petroli. Kutoka Lindi mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, kwa hiyo safari tano za kwenda na kurudi, ukijumlisha na mizunguko ya sokoni, zimeshakufikisha. Anayebeba ufuta kutoka Ruangwa, au anayekula vumbi la njia ya Liwale, asisubiri zifike zote. Vumbi, mzigo mzito na mwendo wa pole kwenye joto huichosha oili mapema.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya haki

Oili ni ileile na filta ni ileile, awe amelala uvunguni fundi au umelala wewe. Unachookoa ni ujira wake tu, na kwenye gereji bubu ujira huo ni sehemu ndogo ya gharama yote. Wapo hata wauza spea wanaomwaga bure ukinunua oili kwao. Wewe kwa upande wako unahitaji spana namba 14, inayofungua nati ya kumwagia ya Toyota nyingi ndogo, na jeki, na stendi mbili za chuma, na beseni, na sabuni ya kutosha kucha zote kumi. Kwa hiyo anayetamba barazani kwamba ameokoa fedha nyingi aulizwe kwanza bei ya stendi.

Faida ya kweli ni kuona. Ukilala uvunguni unakuta kutu ya upepo wa bahari kabla haijala chuma. Unaona buti la shafti lililochanika na tone la oili linaloanza kujikusanya pasipostahili. Ukimwaga, unaona pia kama oili inatoka na chembe za chuma zinazong'aa, au imegeuka rangi nyeupe yenye povu kwa kuingiliwa na maji. Hizo ni habari ambazo injini haitakupa tena ikishafika Somanga usiku.

Hatua ya 3: Nunua mwenyewe

Hii ni ya lazima kwa pande zote mbili. Kwenye dumu la oili utakuta maandishi kama 5W-30. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. Utaambiwa kwamba Lindi kuna joto, hivyo utie oili nzito. Usikubali. Injini iliyokwisha kupata moto hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, iwe Lindi au Tokyo. Waliounda injini ndio waliochagua namba, nasi tuiheshimu.

Kagua lakiri ya mfuniko na nembo ya TBS, na ununue kwa muuzaji ambaye kesho utamkuta palepale. Dumu likiisha, litoboe kabla ya kulitupa, kwa sababu dumu zima la kampuni yenye jina ni mtaji wa mtu wa kutengeneza oili feki.

Hatua ya 4: Ukiamua kulala uvunguni

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulala chini yake. Gari likishanyanyuka, likae juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe. Usitumie tofali la saruji, maana tofali hupasuka bila kuaga. Mitaa mingi ya pwani yetu ni mchanga, na mchanga humeza jeki, kwa hiyo tafuta sakafu au weka ubao mpana na mnene. Hakuna lita nne za oili zenye thamani ya mbavu zako.

Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, uizime, kisha ufungue nati. Yakitoka mafuta mekundu, funga upesi: umefungua giaboksi, na gari lisisogee hata hatua moja mpaka yarudishwe yaliyopotea. Filta mpya ipake oili kwenye mpira wake na uikaze kwa mkono. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeng'ang'ania, kwani mipira miwili ikikutana huvuja. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Toyota nyingi ndogo hunywa lita 3.7 pamoja na filta. Anza na tatu na nusu, pima kwa stiki, washa, zima, subiri, pima tena. Mwisho andika tarehe na kilomita kwenye karatasi uibandike mlangoni, kwa Kiswahili safari hii.

Hatua ya 5: Ukiamua kumlipa fundi

Msalimie fundi, muulize hali ya nyumbani, kisha simama hapohapo. Katika pwani ya Kilwa mwenye jahazi hamwachii fundi chombo akaenda kulala. Siku ya kukalafati yupo, anaona pamba ikiingia kati ya mbao, kwa sababu baharini atakuwemo yeye. Gari lina haki hiyohiyo, na fundi mzuri hachukii kutazamwa.

Filta mpya ifunguliwe mbele yako, na ya zamani uombe uione. Nati ianze kuingia kwa vidole ndipo ikazwe kwa spana. Ukiona bomba refu linaongezwa kwenye spana ili nati "ikae sawasawa", zuia kwa upole lakini zuia, maana nyuzi zikiliwa gharama yake haitakuwa ya oili tena. Kabla ya kulipa, chomoa stiki kwa mkono wako.

Hatua ya 6: Oili chafu

Hapa sina mzaha hata kidogo. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani huonya kwamba oili chafu ya gari moja yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, karibu lita milioni nne. Ukiimwaga mtaroni Lindi mjini, mvua ya masika itaishusha kwenye ghuba. Ukiimwaga Kivinje, itaelekea kwenye mikoko. Eneo la bahari la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, na humo ndimo watu wetu wanamopata kamba, pweza na mwani.

Irudishe ndani ya dumu na uifunge. Dumu hili pekee ndilo usilolitoboa. Lipeleke gereji inayokusanya oili chafu kwa pipa. Ukiitumia kupaka nguzo dhidi ya mchwa, vaa glavu, na usipake karibu na kisima. Usiipake kwenye kidonda cha mtu wala cha mnyama, maana ina masalia ya metali na sumu za mwako.

Basi chaguo ni hili. Mara ya kwanza mwaga mwenyewe, ukiwa na mtu anayejua, ili uielewe kazi yenyewe. Baada ya hapo, ukipenda, mlipe fundi na umlipe vizuri, kwa sababu mgongo anaolalia mchangani ni wake. Ila usilipie kazi ambayo hukuiona ikifanyika.