Mchezo Ungali Unatengenezwa

Miongoni mwa neema alizojaaliwa mkaazi wa Dubai Marina, mtaa uliojengwa kandokando ya hori la kilomita 3 hivi ambalo binadamu walilichimba mchangani wakalitia maji ya bahari, ni kwamba aweza kuketi ghorofani kwake akaishika mikononi kompyuta ya Steam Deck, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, yaani zaidi ya mara milioni 8 ya zile kilobaiti 2 za mtambo wa Nintendo ulioendesha Super Mario Bros. mwaka 1985, ili aucheze mchezo uo huo.

Walakini kucheza hachezi. Bwana huyu, mwana wa Mombasa ambaye jina nimemstahi, kwanza huipunguzia kompyuta nguvu ili betri idumu, ilhali waya wa umeme u ubavuni pake. Kisha, baada ya kulipia kioo kisicho na waa, hutia programu ya kukichora mistari myeusi ya televisheni za zamani, zile ambazo marehemu babake alikuwa akizipiga kofi zitulie. (Huko chini majahazi yaliyovishwa taa huenda na kurejea papo hapo, abiria wakila, wala hakuna aulizaye kaskazi imeanza lini.)

"Sheikh, umefika hatua ya ngapi?" nilimwuliza, maana Isha ilikwisha adhiniwa.

"Bado, ndugu yangu," akanijibu pasi na kuinua uso, "mlio wa kuruka wachelewa nyuma ya mguu."