Sweta la Kijibwa

Kijibwa kikionekana Limuru mwezi wa Julai kimevaa sweta, wapita njia huangua kicheko na kumhurumia mwenye nacho. Hoja yao ni moja: Mungu alishamvika mbwa manyoya, sweta la nini tena? Hoja ina uzito, ila haijampima mbwa mwenyewe. Mwili kadiri unavyokuwa mdogo, ndivyo ngozi inavyozidi kuwa nyingi ikilinganishwa na nyama inayotengeneza joto ndani, na joto hupotelea ngozini. Chihuahua wa kilo 2, mwenye asili ya Mexico na manyoya mafupi, anatakiwa kubaki na nyuzijoto 38 na ushei mwilini huku tumbo lake likifagia umande, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Watakuambia mbwa koko hajawahi kuomba blanketi. Kweli, lakini koko ana kilo zake za kutosha, hujikunja penye majivu ya mchoma mahindi, na hakuna aliyemfungia kwenye baraza ya vigae. Sweta si deko. (Utepe wa waridi kichwani, huo tuuache.)

Kichekesho chenyewe kiko Dar es Salaam, Februari, sweta lile lile linapovalishwa kwa ajili ya picha. Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo. Hupoa kwa kutweta, mate yakikauka ulimini, na hewa ya pwani iliyojaa unyevu haina haraka ya kukausha chochote, hata shati kambani. Pug, mwenye pua iliyobonyea, hata kutweta kwenyewe ni kwa taabu: lile tabasamu la pichani huenda ni mbwa anayetafuta pumzi. Wengine husema basi anyolewe. Kwa spitz, mwenye manyoya ya tabaka mbili, kunyolewa ni kuikaribisha ngozi juani. Afadhali kivuli, maji, feni na matembezi ya alfajiri, kabla lami haijawa kikaango. Na garini asiachwe, hata kioo kikishushwa kidogo. Anayeng'ang'ania kwamba wake hupenda kuvaa, kwa kuwa akivalishwa hutulia tuli, akumbuke kuwa hata bwana harusi hutulia ndani ya suti ya vipande vitatu saa nane mchana, na hakuna anayedhani anasikia baridi.