Ualimu wa Mbizi kwa Bei ya Kutupa: Mwongozo kwa Vijana wa Jinja na Mbale

Hongera, ndugu yangu. Umeamua kuwa mwalimu wa kupiga mbizi, na wewe ni mtu wa Mbale, mji ambao maji yake makubwa ni Mto Nabuyonga: kiangazi unauvuka suruali ikiwa imekunjwa, na mwisho wa Julai 2022 ulibeba watu na nyumba zao. Au ni mtu wa Jinja, umeshika kasia la rafti miaka mingi, na umeona bwawa la Bujagali likimeza maporomoko mwaka 2011, kisha la Isimba likameza mengine miaka kadhaa baadaye, na sasa unajiuliza kama pwani hawana kazi kwa mtu asiyeogopa maji. Wanayo. Zanzibar, Diani na Watamu wanaajiri walimu. Kazi yangu mimi ni kukuonyesha namna ya kukipata cheti bila kumaliza pesa za kahawa za mzee.

Anza na bei, na ukishaiona bei usitafute kingine. Utakuta kozi mbili: moja ya bei ya kutisha, nyingine nusu yake. Chagua hiyo nusu. Mwenye bei ya kutisha ni mchoyo, amejumlisha kila kitu mwanzoni: vitabu, ada ya mtihani, uanachama wa mwaka, bima, boti, mitungi. Mwenye nusu ni muungwana, hataki kukushtua. Atakutajia ada ya mtihani ukiwa umeshafika, ya vitabu siku ya pili, ya uanachama wiki ya pili, na bima utaisikia siku unayotaka kuanza kazi. Kufikia hapo nauli ya kurudi Mbale huna, kwa hiyo huwezi kukataa. Ukijumlisha vipande vyote utakuta tofauti ya bei imebaki kidogo sana, au imegeuka upande wa pili. Lakini nani anajumlisha?

Wakikuuliza kama unajua kuogelea, sema ndiyo. Ni neno dogo. Mashirika yanayotoa vyeti, kama PADI lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, yana mazoea ya kuudhi: kabla hata ya ualimu, mtu anayeomba kuwa kiongozi wa wazamiaji anatakiwa kuogelea mita 400 bila kifaa chochote, kuelea dakika 15 bila kushika kitu, kwenda mita 800 kwa miwani na mapezi, na kumkokota mwenzake aliyechoka mita 100. Shule ya bei nafuu ina macho ya huruma kwenye mambo haya. Saa inaweza kusimamishwa kidogo ukitapika.

Kama umetokea Bugisu, utataka kuwaambia kwamba ulisimama kwenye tohara ya imbalu, kisu kikapita, wala ukope haukutikisika. Heshima yako tunaijua, na kila mwaka wa shufwa ngoma zikilia Mutoto mwezi wa Agosti tunaikumbuka. Lakini baharini hakuna wajomba wa kukushangilia, na huko kujikaza na kubana pumzi ndiko hasa kunakoua. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Hewa uliyoivuta kule chini, ukiibana ukapanda nayo, itataka nafasi maradufu ndani ya mapafu yaleyale, na mapafu hayana nafasi hiyo ya kutoa. Yanapasuka, hata kwa safari fupi ya mita chache. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mbizi ni kupumua bila kukoma. Kozi nzuri hutumia siku nyingi kuvunja tabia ya kujikaza ndani ya mtu ambaye kesho atawafundisha wengine wanaojikaza. Kozi ya kutupa huitaja kwenye slaidi ya tatu, kabla ya picha za kobe.

Kisha kuna suala la daftari. Mtu hafiki kwenye mtihani wa ualimu wa PADI mpaka awe ametimiza miaka 18, awe na cheti cha mzamiaji kwa miezi 6 angalau, na awe na mbizi 100 zilizoandikwa. Hapa ndipo bei nafuu inapong'aa. Mbizi 100 zinahitaji boti, mafuta, mitungi na siku nyingi. Kalamu inahitaji mwembe wenye kivuli. Nawafahamu watu wa pwani waliokaa chini ya mwembe huo alasiri moja wakatoka wakiwa wazamiaji wakongwe. Wengine ni waaminifu zaidi: mbizi zao zote 100 ni za kweli, karibu zote ni za dakika 20, zilizopigwa kwenye mwamba uleule, kina kilekile, bahari ikiwa shwari. Kwenye karatasi wanalingana na yule aliyezama usiku, kwenye mkondo, kwenye meli iliyolala chini, na pamoja na mgeni aliyeanza kulia ndani ya miwani.

Dalali wa shule ya bei nafuu atakuambia, na hapa anasema kweli, kwamba mtihani ni mmoja kwa wote. Anayekufundisha siye anayekutahini. Mtahini hutumwa na shirika lenyewe, naye hukaa kama siku 2 akipima nadharia, ufundishaji darasani, ufundishaji majini na uokoaji. Fizikia, fiziolojia na masomo mengine ya nadharia kila moja linataka asilimia 75. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha walimu wa mbizi, ISO 24802, ambacho mashirika makubwa yanakifuata. Kadi utakayopewa haina alama ya bei. Basi ya nini kulipa zaidi?

Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, kwetu hakuna anayefeli."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Tunamsaidia mtu mpaka apite."

Jibu tamu sana. Lipa upesi kabla hujalifikiria. Maana ukilifikiria utaona kwamba mtahini wa siku 2 haoni mwembe. Anaona maji yaliyotulia, zoezi ulilolirudia mara ishirini, na mwenzako anayejifanya amezimia huku akijua kabisa zamu yake inafuata. Kasoro yako nyingine yote ingeonwa na mtu mmoja tu: yule aliyekaa nawe majini wiki kadhaa na ambaye angeweza kukuambia, "Ndugu, nenda kafanye kazi chini ya mwalimu mwingine miezi mitatu, urudi." Neno hilo ndilo bidhaa ghali zaidi katika biashara yote hii, kwa sababu anayelisema anapoteza mteja. Ukitaka kuwa msumbufu, acha kuuliza wangapi walipita. Uliza mwaka jana walirudishwa nyumbani wangapi, na kwa nini. Atakayechekacheka amekujibu. Atakayekutajia visa viwili vitatu pasipo kutaja majina, na kukuambia nani alirudi akafaulu, huyo mwache, bei yake ni kubwa.

Vijana wa rafti wa Jinja hesabu hii wanaielewa bila kufundishwa. Hakuna anayekabidhiwa wageni saba juu ya maporomoko ya Itanda kwa kuwa amelipa ada. Mtu hubeba makasia, hupika chakula cha wageni, hukaa kwenye kayaki ya uokozi akiwaokota waliomwagika, na wakubwa wanamwangalia. Ajabu ni kwamba kijana huyohuyo akifika pwani husadiki kwamba bahari inatoa cheo kwa mwezi mmoja.

Atatokea na mjanja wa nyumbani. Ya nini kupanda basi hadi pwani, na ziwa si hili hapa Masese? Nakusihi umsikilize, ni mtu wa kuchangamsha. Asichokisema ni kwamba Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 mbizi huhesabiwa kuwa mbizi za mwinuko, zenye taratibu zake. Hewa iliyo juu ya ziwa letu ina mgandamizo mdogo kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo unapopanda kutoka chini badiliko linalopita mwilini ni kubwa zaidi, na jedwali lililotungwa kwa ajili ya bahari linakudanganya. Maji baridi hukubeba kidogo kuliko ya chumvi, ukihamia baharini na vipande vyako vya risasi vya Jinja utabaki juu kama kifuu huku wanafunzi wako wakiwa chini. Na kwenye matete ya ukingoni kuna konokono wa kichocho, ambao hawaulizi una cheti gani.

Hata hivyo giza la ziwa nisilidharau. Feri ya MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua zaidi ya watu 220, wazamiaji waliingia chini ya chombo kilichogeuka tumbo juu, na siku mbili baadaye wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai, akiwa amejikinga mahali palipobaki na hewa. Kuna mtu aliyewafundisha wale. Alikaa nao majini, akawakatalia wasiokuwa tayari, na siku ya Ukara jina lake halikutajwa popote. Ukishika kadi ya ualimu umeingia kwenye ukoo wa mtu huyo. Watakaokuja kwako hawatakuwa watalii peke yao; atakuja askari wa majini, atakuja mvuvi, na kanuni zinakuruhusu uwachukue wanafunzi wapya 8 kwa mpigo. Watu 8 kwa macho mawili.

Turudi kwenye mambo ya nafuu. Ukipewa mtungi, usitazame shingoni, ambako tarehe ya kupimwa kwa mgandamizo imegongwa kwenye chuma; nchi nyingi hutaka kipimo hicho kila miaka 5, na tarehe ya zamani itakuharibia siku. Usiende nyuma ya duka kuona kompresa imewekwa wapi. Ukienda, ukakuta inavuta hewa karibu na bomba la moshi wa jenereta, utajua kwamba ndani ya mtungi umo moshi usionuka, na kina kinauongezea ukali. Na usishangae kwa nini punguzo kubwa hutokea Mei. Pwani yote inajua: masika imechafua maji, kusi imeanza kuvuma, siku nyingi boti hazitoki, na maduka mengi ya mbizi ya Kenya hufunga. Kaskazi inapovuma, Januari na Februari, maji huwa kioo na bei hupanda. Wewe nenda Mei. Utajifunza kucheza karata.

Nimeuacha mwisho ujanja wa kubana matumizi unaopendwa kuliko wote, wa kuokoa usiku mmoja wa hoteli. Mtihani umekwisha, mbizi ya mwisho umeipiga saa nane mchana, na basi linatoka Mombasa saa mbili usiku. Asubuhi Nairobi, mchana Eldoret, halafu Malaba, Tororo, na usiku uko Mbale unakula malewa. Hesabu nzuri. Ila naitrojeni uliyoikusanya kwa siku zote za kozi bado imo mwilini, na kupanda mlima kwa basi ni sawa na kupanda ndege. Mtandao wa DAN, unaoshughulika na usalama wa wazamiaji, unashauri mtu aliyepiga mbizi nyingi angoje saa 18 angalau kabla ya kuruka. Mtito Andei utakuwa umeshapanda mamia ya mita huku ukikoroma. Nairobi, karibu mita 1,700, utaingia saa 15 baada ya mbizi. Na ushauri wenyewe ulihesabiwa kwa kabini isiyozidi kama mita 2,400. Barabara ya Timboroa inaipita hiyo, na ya Mau Summit vilevile, kwa hiyo kupitia Kisumu hakukuokoi. Viungo vikianza kuuma, au miguu ikafa ganzi mahali fulani baada ya Nakuru, konda atakupa maji ya kunywa na kukuambia ni uchovu wa safari, na kila kilomita ya kupanda inazidisha tatizo.

Shule ya bei ya kutisha ilikuwa imeweka siku moja tupu mwishoni mwa ratiba, haina mbizi, na chumba kimelipiwa. Uliiona kwenye orodha yao ukasema ni wizi. Kama huna shule hiyo, jilipie mwenyewe hicho chumba, shinda Mombasa siku nzima ukila mahamri na mbaazi, wala usikubali mtu akuazime mtungi kwa mbizi moja ya kuaga. Tiketi kata ya basi la kesho yake usiku, na ukihofia kuchelewa shambani, mpigie mzee umwambie kahawa itakusubiri.