Sifa za Mforosadi

Miti ya heshima hapa Pwani inajulikana. Mnazi una mashairi yake, mwembe una baraza chini yake, hata mwarobaini umehesabiwa maradhi unayotibu. Mforosadi haukutungiwa hata kijembe. Leo acha niusifu.

Kwanza, hauna makuu. Masika yakianza, kata tawi nene kama kidole gumba, urefu wa shibiri, lichomeke ardhini uende zako. Litaota. Kuna banda la kuku huko Msambweni ambalo vigingi vyake viligoma kuwa vigingi: vilichipua, vikazaa, kuku wakala forosadi bila kutoka nyumbani. Ukiukata kwa hasira umeufanyia hisani, maana huzaa kwenye machipukizi mapya.

Lakini sifa yake kubwa ni ukweli. Mtoto anasimama mbele ya bibi yake: "Bibi, wallahi sijapanda mtini!" Ulimi zambarau, vidole zambarau, kaptura ya skuli ndiyo usiseme. Kesi imekwisha. Na mtu mzima aliyepita chini yake na kanzu nyeupe siku ya Ijumaa atafika msikitini na ushahidi mabegani. Wapo wanaosugua doa hilo kwa forosadi mbichi ili litoke. Yaani hata msamaha unaombwa kwa mti uleule.

Diani umejenga ujirani. Ngazi za kamba zilizofungwa juu ya barabara ya ufuoni zilikusudiwa mbega wasigongwe na magari. Kima na tumbili nao huzipita wakienda karamuni. Ndege hula kwako, wakamalizia kwa jirani, juu ya shuka za wageni zilizoanikwa. Siku hiyo mtajuana majina.

Wafalme nao umewatoa jasho. Mwaka 1609 James wa Kwanza wa Uingereza aliagiza miforosadi kwa maelfu, apate hariri. Ikapandwa myeusi, na viwavi wa hariri hupenda majani ya ile myeupe. Hariri ikamponyoka, matunda akabaki nayo. Sisi Kenya tuna kituo cha taifa cha utafiti wa hariri kule Thika. Kwale majani yanaliwa na mbuzi, na mbuzi hawajalalamika.

Limebaki la pa kuupanda. Wataalamu watakwambia mbali na sakafu, mbali na gari, mbali na mabomba. Mimi nasema uani, upande wa yule jirani aliyeazima jembe akasahau kulirudisha.