Sura ya Saba Yaenda Sokoni

Sura ya saba ya riwaya yangu iliuzwa soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ikiwa imefungia karanga. Mama mkwe alikuwa akiandaa chumba cha wageni waliokuwa wanakuja kumposa binti wa shemeji yangu. Chini ya kitanda akakuta boksi la madaftari yaliyochakaa, akayahesabu kuwa ya watoto wa shule, akampa jirani yetu muuza karanga kama ilivyo desturi ya nyumba hii kila muhula unapokwisha. Kesho yake nilikuwa niyapeleke Kasese mjini kupigwa chapa. Jioni nilipolivuta boksi, nilikuta viatu vilivyotengwa kwa ajili ya wageni.

Ndani ya madaftari hayo alikuwamo Mbambu, mchuuzi wa chumvi ya Katwe anayeishi Bwera mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Vijana wanashuka milimani kutafuta mshahara, wageni wanapanda, na katika kupishana huko mali inapotea, watu wanajibadilisha, mirathi inaporwa. Mbambu si askari wala hana bunduki. Ana mizani, kumbukumbu, na ruhusa ya kuingia jiko la kila mtu.

Kiswahili kina wapelelezi wake wa siku nyingi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Baadaye Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Wote wanaume. Waingereza walikwisha kumpata Miss Marple wa Agatha Christie tangu 1927, bibi wa kijijini anayejua tabia za watu, na mwaka 1998 Alexander McCall Smith akaandika habari za Precious Ramotswe wa Botswana. Mimi niliyekulia Kilembe, mahali ambapo mtoto alisema Kiswahili na jirani kabla ya kujua jirani huyo ametoka wapi, nilimtaka mwanamke wa namna hiyo awe wa kwetu.

Na visa vyake havina maiti. Mji wa Mpondwe, uliozika wanafunzi wake waliouawa shuleni Juni 2023, hauna haja ya maiti wa kubuni. Mbambu anatafuta kilichopotea mpaka kirudi kwa mwenyewe, na msomaji anafunga kitabu akalale.

Basi usiku ule familia ilikaa kikao. Mume wangu alisema tungoje kupambazuke. Binti yetu alisema nusu ya karanga za Bwera huliwa shuleni kwao, kwa hiyo yeye angeshika upande huo. Mama mkwe hakusema neno mpaka chai ilipokwisha.

"Mama Masika, hiyo kazi ni ya pesa?"

"Itakuwa ya pesa, Mama."

"Hata isipokuwa ya pesa, imetoka mikononi mwangu. Itarudi."

Asubuhi alijifunga kitenge, akamwendea muuza karanga na kununua karanga zote zilizobaki pamoja na karatasi zake. Kisha akasimama penye mlango wa soko na kutangaza kwamba atakayeleta karatasi yenye mwandiko wa bluu atapewa kikombe cha karanga, na mwenye mbili apewe viwili. Kufikia saa sita tulikuwa na fungu la kurasa zilizolowa mafuta, chumvi imeganda kwenye mikunjo, nyingine zimechanika pale pale ambapo Mbambu anafungua mlango. Tulizitundika kwa vibanio kwenye kamba chumbani kwa wageni, maana nje mawingu ya Rwenzori yalikuwa yamekwisha shuka.

Hata hivyo, si wote walikubali kuachia. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa na ukurasa ambao Mbambu anapima magunia ya kahawa na kukuta moja jepesi. Aliukunja, akautia mfukoni, akasema hautoki kabla hajajua nani alipunguza. Ilibidi nimsimulie hapo hapo kijiweni, wenzake wakizima pikipiki wasikie.

Aliyenishangaza zaidi ni mama mmoja muuza vitenge anayevuka daraja kutoka Kasindi, upande wa Kongo, kila siku ya soko. Ukurasa wake ulikuwa na kijana anayetoka Kilembe kudai shamba la marehemu baba yake. Kijana huyo anaitwa Kule, na anasema kwa mama yao walizaliwa wavulana watatu, wawili wamekufa, amebaki yeye.

"Wewe ndiye uliyemwandika huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Ni mwongo. Baluku, Bwambale, Masereka, ndipo aje Kule. Kule ni wa nne. Huyo wa tatu mmemficha wapi?"

Alikuwa amesoma ukurasa mmoja tu, nao una mafuta. Kidokezo nilichokijengea sura nzima, kwamba kwa Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, yeye alikiona kabla karanga hazijaisha. Akaongeza, "Atakwambia Masereka alikufa mchanga. Muulize kaburi liko wapi na nani alimzalisha mama yake. Mkunga hasahau."

Maneno hayo yameijenga sura upya. Sasa kijana anajulisha watu jina lake la ubatizo tu, na hilo la Kule linamponyoka mtoto mara moja, katikati ya mchezo. Mbambu analisikia, halafu anakwenda kwa mkunga. Mwajiri wa mgodini anaweza kuwa na orodha ya vibarua, lakini zamu ya kuzaliwa, na nani alizikwa wapi, ziko kwa wanawake waliokuwapo. Hadithi ya upelelezi ya hapa lazima isimame juu ya ujuzi huo, tena iandikwe kwa kujua kwamba msomaji anao tayari.

Wageni wa posa walifika kurasa zikiwa bado kambani. Wazee wakasoma wakingoja chakula, wakabishana juu ya Masereka hadi mazungumzo ya mbuzi wa mahari yakachelewa kuanza. Mama mkwe aliyekuwa akisomewa na mjukuu wake alikuwa na dai moja: "Huyu Mbambu anahangaika nchi nzima, hakuna anayempa hata kuku?" Dai la haki. Katika sura ya saba ya sasa mjane anamletea kuku jike, na Mbambu anampokea.

Kitabu kinachofuata kitakuwa cha miaka ya sabini, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani, na ya kwetu ikawa inavushwa mpaka kwa magendo. Mbambu atakuwa mtu mzima, na mama wa Kasindi, aliyekuwa mtoto akiona magunia yakipita mtoni, ndiye atakayenisimulia yalivyobebwa. Nimemwomba asome kila sura kabla ya mchapishaji. Amekubali, kwa sharti kwamba nimpe zote isipokuwa ya mwisho, na mtu yeyote asimwambie.